Waliahidi Mto, Wakaleta Kijito: Mabingwa 10 wa Michezo ya Video Iliyoishia Njiani

Jioni yoyote ile Kisangani, kwenye vibanda vya michezo vya Makiso na Mangobo ambako vijana hulipia dakika zao mbele ya televisheni, mpira hausimami. Mchezo wa FIFA ulitoka mara ya kwanza mwaka 1993, na tangu hapo haujaruka mwaka hata mmoja. Ulipobadilishwa jina mwaka 2023 na kuitwa EA Sports FC, uliendelea kuzaa kama kawaida. Mtoto wa kwanza, wa pili, wa kumi, wa thelathini!

Leo tunawapigia makofi wengine kabisa: michezo iliyozaliwa ikiwa na ndugu zake wameshapewa majina, ndugu ambao hawakuzaliwa. Waundaji walitaka hadithi ya vipande vitatu, sita, tisa, hata kumi na kimoja. Soko, deni, mahakama au muda ukakata kamba. Sheria ya shindano ni moja: kadiri pengo kati ya kilichotakiwa na kilichofika linavyokuwa kubwa na la kushangaza, ndivyo nafasi inavyopanda. Vipimo tutakavyotumia viko mlangoni petu: mto, maporomoko, reli, baiskeli za toleka na komini zetu sita. Tunaanzia nafasi ya kumi.

10. Uliokufa upesi kuliko yote: Concord, siku 14

Boti linalopanda mto kutoka Kinshasa hadi hapa hukata kilometa zipatazo 1,700, na abiria wake huhesabu wiki, si siku. Sasa linganisha. Sony ilizindua Concord tarehe 23 Agosti 2024 na kuuzima tarehe 6 Septemba 2024. Siku 14! Mfanyabiashara aliyepakia magunia yake Kinshasa siku ya uzinduzi angeshuka bandarini Kisangani na kukuta mchezo umeshazikwa na wanunuzi wameahidiwa kurudishiwa fedha zao.

Haukuundwa uwe wa msimu mmoja. Sony ilipanga hadithi fupi za video za kila wiki, wahusika wapya na misimu mfululizo. Hata filamu ya katuni iliyotengenezwa kutokana na mchezo huo ilionyeshwa Desemba 2024 ndani ya mfululizo wa Secret Level, miezi mitatu baada ya mazishi. Studio ya Firewalk iliyouunda ilikuwa imefungwa tangu Oktoba.

Kwenye duka la Steam, idadi kubwa kabisa ya watu waliowahi kuucheza kwa wakati mmoja ilikuwa 697. Wapeleke Kinshasa, uwakalishe kwenye Stade des Martyrs yenye nafasi 80,000: hawajazi hata sehemu moja ya mia.

9. Mfupi kuliko yote: The Order: 1886, unakwisha kabla hakujakucha

Anza saa mbili usiku, na kabla jogoo wa Kabondo hajawika umemaliza. Wachezaji wengi wenye haraka waliufikisha mwisho kwa saa sita hivi. Hata mtaa unaopata umeme kwa zamu ungeweza kuumaliza kwa usiku mmoja wenye bahati.

Ulitoka tarehe 20 Februari 2015 kwa PlayStation 4, kazi ya studio ya Ready at Dawn ya California. London ya mwaka 1886, mashujaa wa Meza ya Mviringo wenye bunduki za umeme alizowatengenezea Nikola Tesla, na vita vyao dhidi ya watu-mbwamwitu. Picha zake zilikuwa miongoni mwa nzuri kabisa za kizazi chake. Ulimwengu mpana kama huo haukujengwa kwa ajili ya usiku mmoja: hadithi inakatika huku maadui wakubwa bado wanapumua, na studio ikapeleka kwa Sony pendekezo la sehemu ya pili. Jibu likawa hapana.

Mwaka huohuo wa 2015, Province Orientale ya zamani iligawanywa na jimbo letu la Tshopo likazaliwa. Jimbo bado lipo na linaendelea kuhesabu miaka. Ready at Dawn ilifungwa Agosti 2024, na hesabu ya The Order ikabaki moja.

8. Wenye zawadi kubwa kuliko yote: Advent Rising, dola 1,000,000

Tuichukulie baiskeli moja ya toleka kuwa dola 100. Dola milioni moja ni baiskeli 10,000. Zipange moja nyuma ya nyingine, kila moja mita 1.8, na msafara wako una urefu wa kilometa 18!

Hiyo ndiyo zawadi iliyotangazwa mwaka 2005 na kampuni ya Majesco kwa mchezaji wa Xbox ambaye angewinda alama zilizofichwa ndani ya Advent Rising. Mchezo wenyewe ulikuwa sehemu ya kwanza kati ya tatu. Mwandishi mashuhuri wa hadithi za anga, Orson Scott Card, alishiriki kuandika maneno yake, na muziki wake ulipigwa na okestra kamili yenye kwaya. Kila kitu kilikuwa kikubwa.

Kisha vyote viwili vikaanguka. Shindano lilifutwa kwa sababu za kiusalama, na dola milioni haikumfikia mshindi yeyote. Mauzo yalikuwa madogo, Majesco ikaingia kwenye matatizo makubwa ya fedha, na sehemu ya pili na ya tatu zikafutwa. Msafara wa kilometa 18 haukutoka hata uani.

7. Wenye deni kubwa kuliko yote: Kingdoms of Amalur, dola milioni 75

Rhode Island ni jimbo dogo kuliko yote ya Marekani. Lina kama kilometa za mraba 4,000, maji yake yakiwemo. Tshopo yetu inakaribia 200,000. Ungeweza kuiingiza Rhode Island ndani ya Tshopo karibu mara 50! Wakazi wake, hata hivyo, ni kama wa jiji kubwa moja la kwetu: milioni moja na kidogo.

Mwaka 2010 jimbo hilo dogo lilidhamini mkopo wa dola milioni 75 ili kuvuta studio moja ihamie kwake: 38 Studios ya Curt Schilling, nyota wa besiboli aliyeipa studio namba ya jezi yake. Gawanya deni hilo kwa wakazi wote, watoto wachanga wakiwemo, na kila mmoja anabeba zaidi ya dola 70.

Mpango ulikuwa mkubwa kuliko jimbo. Mwandishi R. A. Salvatore alitunga historia ya miaka 10,000 ya ulimwengu wa Amalur. Kisangani, tukihesabu tangu Stanley alipoweka kituo chake hapa mwaka 1883, ingehitaji kuishi umri wake mara 70 hivi ili kuifikia. Mchezo wa kwanza, Reckoning, ulitoka Februari 2012 kama kifungua mlango. Nyuma yake ungefuata Copernicus, mchezo mkubwa wa intaneti wa kuchezwa na maelfu kwa pamoja.

Reckoning uliuza nakala zipatazo milioni 1.2 ndani ya siku 90, nakala moja kwa kila nyumba ya Kisangani na nyingi zikabaki. Gavana wa Rhode Island alisema zilihitajika milioni 3 ili gharama zirudi. Mwezi Mei mishahara ilikosekana na wafanyakazi wote wakaachishwa kazi, Juni studio ikatangaza kufilisika. Copernicus haukutoka kamwe. Historia ya miaka 10,000 ilikatika ndani ya miezi minne.

6. Uliohesabu kinyume kuliko yote: Xenogears, ulioanzia namba tano

Kisangani ina komini sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga iliyo ng'ambo ya mto. Fikiria mjenzi anayetaka kujenga zote sita, akaanza na ya tano, akaimaliza, na zile nyingine tano zikabaki msitu.

Huyo ni Tetsuya Takahashi na mchezo wake Xenogears, uliotolewa na kampuni ya Square nchini Japani tarehe 11 Februari 1998. Mchezaji aliyeumaliza baada ya makumi ya saa alikuta mwishoni maandishi yanayomwambia kwamba alichokicheza ni Sehemu ya Tano. Nne zilizotangulia na moja ya kufuata ziliishia kwenye kitabu cha maelezo cha mwaka huohuo. Hata hiyo ya tano haikutosha pumzi: diski yake ya pili imejaa wahusika walioketi wakisimulia matukio ambayo mchezaji alitarajia kuyacheza kwa mkono wake.

Takahashi hakukubali kushindwa. Aliondoka Square, akashiriki kuanzisha Monolith Soft mwaka 1999, na akaanza upya na Xenosaga. Sehemu ngapi? Sita tena! Zilitoka tatu, mwaka 2002, 2004 na 2006, kisha kazi ikasimama. Jumlisha: sehemu 12 zilipangwa, 4 zikafika. Hakuna mtu mwingine kwenye orodha hii aliyejaribu kujenga jiji zima mara mbili na mara zote mbili akaachwa na komini mkononi.

Heshima yake ilimngoja mbele. Mwaka 2010 Monolith ilitoa Xenoblade Chronicles, na huo ukazaa ukoo wa kweli.

5. Ulio karibu nasi kuliko yote: Aurion, kutoka Yaoundé

Kutoka Kisangani hadi Yaoundé, kwa njia ya ndege aendaye moja kwa moja, ni kama kilometa 1,570. Ni pungufu kuliko safari ya mto hadi Kinshasa! Kwa hiyo bingwa huyu ni jirani.

Olivier Madiba alianza kuota Aurion mwaka 2003, akiwa kijana wa Kameruni bila studio, bila wawekezaji na bila umeme wa uhakika. Miaka kumi baadaye alifungua Kiro'o Games jijini Yaoundé. Mwaka 2015 aliwaomba watu wa dunia nzima euro 40,000 kupitia Kickstarter, akapata karibu 50,000. Tarehe 14 Aprili 2016, Aurion: Legacy of the Kori-Odan ulitoka: mwanamfalme wa Zama anayepinduliwa siku ya kutawazwa, na mkewe Erine anayepigana bega kwa bega naye. Nguo, majina, falsafa ya nguvu za mababu, vyote vilichimbwa Afrika.

Kiro'o ilitaka ulimwengu mzima. Vitabu vya katuni vilifuata, na kampuni ya Marekani iitwayo Good Fear ikatangaza nia ya kuufanya filamu. Mchezo wa pili wa Aurion haujafika.

Pima mizani ilivyoinama. Bajeti ya bingwa wa nafasi ya kwanza, utakayekutana naye chini, ingeendesha zaidi ya kampeni 800 kama ile ya Aurion. Mwenzake Madiba wa Kenya, Wesley Kirinya, alitoa Adventures of Nyangi mwaka 2007 akiwa kijana wa miaka ya ishirini: msichana wa Kiafrika anayesaka vitu vya kale vya bara lake, ndani ya mchezo wa kwanza wa Kenya wenye picha za pande tatu. Jina la mchezo liko katika wingi, matukio si tukio, na mtu aliyeandika programu yake alikuwa mmoja. Kwa kila franki iliyowekwa, hakuna kwenye orodha hii waliosafiri mbali kuliko hawa wawili.

4. Unaosubiriwa kuliko yote: Beyond Good & Evil, na sehemu ya pili isiyofika

Mfaransa Michel Ancel alitoa Beyond Good & Evil mwishoni mwa mwaka 2003. Shujaa wake, Jade, ni mwandishi wa habari mwenye kamera anayefichua siri za utawala wa sayari ya Hillys. Ancel alikusudia hadithi tatu. Wahakiki walisifu, wanunuzi wakawa wachache.

Mei 2008, jijini Paris, kampuni ya Ubisoft ilionyesha kipande cha kwanza cha sehemu ya pili. Mwaka huo Tshopo kama jimbo haikuwepo: tulikuwa bado Province Orientale. Jimbo likazaliwa mwaka 2015, mchezo haujafika. Juni 2017 ukaonyeshwa upya, safari hii ukiwa hadithi ya kabla ya Jade. Septemba 2020 Ancel mwenyewe aliondoka kwenye kazi ya michezo ya video. Mchezo haujafika.

Rekodi ya dunia ya kusubiriwa ilikuwa ya Duke Nukem Forever: zaidi ya miaka 14, tangu Aprili 1997 hadi Juni 2011. Mwaka 2022, Beyond Good & Evil 2 uliipita. Mtoto aliyezaliwa katika hospitali yoyote ya Kisangani siku ya kipande kile cha kwanza alikuwa tayari mwanafunzi wa sekondari, sauti imeshaanza kuvunjika. Na tofauti ni hii: Duke alifika!

3. Wenye deni la sehemu nyingi kuliko yote: SiN Episodes, 1 kati ya 9

Boyoma ni maporomoko saba. Yanaenea kwa zaidi ya kilometa 100 kati ya Ubundu na Kisangani, na ndani yake mto unashuka kama mita 60. Sasa mfikirie msafiri aliyetangaza kwamba atavuka maporomoko tisa, mawili zaidi ya Boyoma, akavuka la kwanza, akapanda ukingoni na kuuza mtumbwi.

Huyo ni studio ya Ritual Entertainment ya Texas. Mei 2006 ilitoa SiN Episodes: Emergence, kipande cha kwanza kati ya tisa vilivyokusudiwa. Wazo lilikuwa la kisasa mno kwa wakati wake: badala ya kununua mchezo mzima kwa bei kubwa, unanunua kipande kidogo kwa bei ndogo kupitia intaneti, na kingine kinakuja baadaye. Kipande cha pili hakikuja. Januari 2007, miezi minane tu baadaye, Ritual ilinunuliwa na MumboJumbo, kampuni ya michezo midogo ya mafumbo. Vipande vinane, havipo. Asilimia 89 ya hadithi ilibaki chini ya maji!

Msimu huohuo kampuni ya Valve ilijaribu njia hiyohiyo kwa Half-Life 2: vipande vitatu. Cha kwanza kilitoka Juni 2006, cha pili Oktoba 2007 kikikatika kwenye kifo cha kuumiza, na cha tatu kikaahidiwa kwa Krismasi ya 2007. Krismasi hiyo ilipita, na zaidi ya kumi baada yake, bila kipande cha tatu. Agosti 2017, mwandishi wake wa zamani Marc Laidlaw aliandika muhtasari wa jinsi hadithi ingekwenda, akibadilisha majina. Mashabiki wa Half-Life wana viwili kati ya vitatu, asilimia 67. Wakisimama kando ya wa SiN, wao ni matajiri.

2. Uliopigwa vikali kuliko yote: Too Human, hadi mahakama ikaamuru uharibiwe

Wajenzi wa reli ya kutoka Kisangani hadi Ubundu walianza kazi mwaka 1903, na mwaka 1906 kilometa 125 za chuma zilikuwa zimelala ndani ya msitu mnene. Silicon Knights ya Kanada ilichukua muda mara tatu ya huo kujenga theluthi moja ya Too Human.

Mwaka 1999 mchezo huo ulionyeshwa kwa PlayStation ya kwanza. Mwaka 2000 ukahamia Nintendo GameCube. Mwaka 2005 ukahamia Xbox 360, ukitangazwa kuwa hadithi tatu. Sehemu ya kwanza ilitoka Agosti 2008: vizazi vitatu vya mashine, kampuni tatu, miaka tisa. Kwa mwendo huo, sehemu ya tatu ingefika mwaka 2026! Ndani yake, miungu ya kale ya Skandinavia ni watu wenye viungo vya mashine, na Baldur anapigana na majeshi ya vyuma.

Denis Dyack na studio yake ya Silicon Knights waliishtaki Epic Games mwaka 2007, wakidai kwamba injini ya programu waliyouziwa, Unreal Engine 3, haikuwafikia kama walivyoahidiwa. Mei 2012 baraza la mahakama lilisema kinyume: Silicon Knights ndio waliokosea, na wailipe Epic dola milioni 4.45. Novemba mwaka huohuo hakimu aliongeza pigo ambalo hakuna mchezo mwingine kwenye orodha hii uliowahi kulipata: nakala ambazo hazijauzwa zirudishwe na kuharibiwa, na misimbo ya programu iliyotokana na injini ile ifutwe.

Michezo mingine hapa ilikosa sehemu ya pili. Huu ulikosa hata ruhusa ya kubaki na ya kwanza. Studio ilifilisika mwaka 2014. Mwaka 2019 Microsoft iliurudisha kwenye duka la Xbox, bure.

1. Bingwa wa mabingwa: Shenmue, hadithi ghali kuliko yote ya wakati wake

Simameni!

Desemba 1999, Sega ilitoa Shenmue nchini Japani kwa mashine yake ya Dreamcast. Muundaji wake, Yu Suzuki, alitaja baadaye gharama ya dola milioni 47. Rudi kwenye baiskeli zetu za dola 100: ni toleka 470,000, karibu moja kwa kila wakazi wawili au watatu wa Kisangani. Zipange moja nyuma ya nyingine na msafara unafika kilometa 846, nusu nzima ya mto hadi Kinshasa!

Fedha zilikwenda wapi? Ryo Hazuki, kijana wa Yokosuka ya mwaka 1986, anamtafuta Lan Di aliyemuua baba yake. Kila mpita njia ana sura yake, sauti yake na saa yake ya kurudi nyumbani. Droo zinafunguka. Duka linafungwa jioni. Hata mvua inaweza kunyesha kwa kufuata kumbukumbu za hali ya hewa ya Yokosuka ya miaka ile. Michezo mingi ya mji huru inayochezwa leo vibandani ilijifunza hapo.

Suzuki alikuwa na sura 11 kichwani. Sehemu ya pili ilitoka Septemba 2001. Dreamcast ilikuwa imeshakufa. Ryo aliachwa ndani ya pango nchini China, na akabaki humo miaka 18.

Kisha ikaja Juni 2015. Suzuki aliomba dola milioni 2 kwa umma. Milioni ya kwanza ilipatikana chini ya saa mbili, ya pili chini ya saa tisa. Mwisho wa kampeni alikuwa na dola 6,333,295 kutoka kwa watu 69,320. Hawa hawatoshei kwenye kibanda chochote. Hawa wanakaribia kuujaza Stade des Martyrs! Linganisha na wale 697 wa nafasi ya kumi: kwa kila mmoja wao, Shenmue ina watu 99.

Shenmue III ilitoka tarehe 19 Novemba 2019. Mashabiki waliketi wakisubiri mwisho wa kisasi, na Suzuki akawaambia hadithi imefika kama asilimia 40.

Ndiyo maana kikombe ni chake. SiN ulikosa vipande zaidi, Amalur uliacha deni kubwa zaidi, Too Human ulipigwa zaidi. Lakini hakuna mwingine wa wakati wake aliyetumia fedha nyingi hivyo, akangojewa na wengi hivyo, kwa muda mrefu hivyo, akafufuka kwa mikono ya watu wenyewe, na bado hajafika hata nusu.

Chukua mtumbwi Ubundu na ushuke Boyoma kuelekea kwetu. Asilimia 40 ya maporomoko saba ni pungufu kidogo ya matatu. Ryo Hazuki yuko hapo, kabla ya la tatu, kasia mkononi tangu mwaka 1999. Kwenye la saba, mlangoni mwa Kisangani, wavuvi Wagenia wamesimamisha magogo yao na kutega vikapu vyao kama kila siku. Watu 69,320 wameketi ukingoni pamoja nao, wanaangalia juu ya mto.